Mkasi na Sindano: Bega la Mteja wa Kwanza

Mkasi ulikuwa hewani.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na najua mmenisema sana. Msomaji mmoja kaniandikia kwamba nikimuua Bibi Mkasi kwa presha, gazeti hili atalifungia vyombo. Poa moyo, mama. Bibi hafi leo. Ila kuna mengine yanayouma kuliko kifo, na hayo siwezi kukukingia.

Kwa aliyeingia sasa hivi, nitasema kwa ufupi. Jumba ni duka la ghorofa nne, la hariri na manukato, na lifti yenye kiti cha mahameli. Mwanzilishi wake ni Bibi Mkasi. Kila mwaka, asubuhi ya kuzaliwa kwa duka, Bibi husimama kwenye meza ya kukatia katikati ya ukumbi wa chini, na mteja wa kwanza kuingia hukatiwa gauni kwa jicho tupu. Hakuna futi wala chaki.

Mwaka huu mkato huo haukuwa maonyesho tu. Sharti aliliweka Bibi mwenyewe kwa Wakili: maadamu anaweza kukata, neno lake ndilo la mwisho dukani. Siku akishindwa, au akili zikimhama, neno linahamia kwa mwanawe Tai, ambaye marehemu baba yake alimwachia hisa nyingi kuliko dada yake. Na Tai tayari ana mnunuzi. Mnunuzi anataka kiwanja. Jumba litabomolewa.

Wanamwita Tai kwa sababu ya zile tai zake za hariri, ingawa wapo wafanyakazi wanaosema ni kwa sababu ya yule ndege.

Dada yake, Kifungo, ndiye msimamizi wa duka, na ndiye peke yake aliyejua kwamba kumbukumbu za mama zimeanza kumponyoka. Alikuwa amempanga Bi Mfamasia awe mteja wa kwanza, na kila asubuhi alimfanyisha mama yake mazoezi kwenye sanamu lenye umbo la Bi Mfamasia. Lakini Tai alifungua mlango wa pembeni, na aliyetia guu la kwanza ndani akawa mwanamke asiyejulikana, mwenye bega la kulia lililoshuka chini kuliko la kushoto.

Bega kama hilo hata fundi mwenye futi hulipima mara mbili. Tai alilichagua makusudi.

Haya. Twende.

"Karibu, mteja," alisema Bibi Mkasi. "Simama wima nikutazame."

Yule mgeni akasimama kwenye zulia. Wakili akavaa miwani.

"Mama yako yu hai, mwanangu?"

Hakuna aliyeshangaa, maana swali hilo Bibi humuuliza kila mteja tangu duka lilipokuwa chumba kimoja. Husema mwili wa binti unafuata ulikopita wa mama yake, kwa hiyo lazima ajue aache kitambaa kiasi gani kwenye mshono.

"Hapana, Bibi. Alifariki."

Bibi akatikisa kichwa. Akamzunguka taratibu. Alipofika upande wa kulia akasimama. Akalitazama lile bega kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Kisha akakata.

Wee! Laiti mngeuona mkono ule! Hariri ya rangi ya maziwa ilifunguka mbele ya mkasi bila ubishi. Kifungo, aliyekuwa amebana pumzi, akaanza kupumua. Bado anaweza, alijiambia. Mama yangu bado anaweza.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Bibi alipokiinua kile alichokata.

Lilikuwa gauni la mtoto.

Si dogo kidogo. La mtoto hasa, wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Mtu mmoja akacheka. Wa pili akamfuata. Bi Mfamasia, kule mlangoni, akajifunika uso.

"Wakili," alisema Tai, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye huzuni, "umejionea mwenyewe. Mama yetu amechoka. Sina la kuongeza."

"Ngoja kwanza!"

Aliyepaza sauti si Kifungo. Ni yule mgeni. Alikuwa ameisogelea meza.

"Huu mkono," alisema. "Kwa nini umeuacha wazi mpaka begani?"

"Plasta hiyo ya hospitali itapitaje bila hivyo?" Bibi alijibu kwa upole, kama anayesema jambo linalojulikana na wote. "Tutatia vifungo hapa juu, nguo ipite bila kukuumiza. Na mfuko nimekuwekea kushoto, maana huo ndio mkono ulio nao sasa. Bega bado linauma?"

Mgeni akashika ukingo wa meza.

"Mama Mkubwa," alisema. "Nililisubiri gauni hili uliloniahidi. Mpaka plasta ikakatwa, nilikuwa nalisubiri."

Kicheko kikafa. Wasomaji wangu, mama mkubwa haitwi mtu baki.

Bibi Mkasi akamshika mashavu kwa mikono miwili, mkasi ukiwa bado umening'inia kidoleni.

"Mwambie mama yako aje. Nimemkosea. Mwambie nusu ya kila kilichomo humu ni yake, aje achukue. Mimi peke yangu siwezi, mshono unanishinda."

Yote hayo aliyasema mbele ya Wakili, mbele ya wateja na mbele ya mnunuzi, aliyekuwa amesimama kwenye kaunta ya manukato na ghafla akapoteza hamu ya kunusa.

"Mama, twende ukapumzike," alisema Kifungo. Akamshika mkono, akamwashiria mgeni afuate, akawaingiza wote wawili kwenye chumba kikubwa cha kujaribia nguo na kuvuta pazia. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye lifti.

"Funga mlango."

Mzee wa Lifti akafunga. Ndiye mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa na Jumba, na suruali yake ya kazi ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Walipopita ghorofa ya pili, Kifungo akabonyeza kitufe chekundu. Lifti ikakwama katikati ya sakafu mbili.

"Yule mwanamke ni nani, Mzee?"

"Wateja wanangoja huko juu, binti yangu."

"Waache wangoje. Ni nani?"

Mzee akavua kofia. Akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Pale juu ya mlango wa mbele pana nini?"

"Nembo ya duka. Mkasi."

"Na?"

"Na sindano. Baba alisema ni urembo."

"Si urembo. Walikuwa wawili, wakiishi kama ndugu wa tumbo moja. Mama yako alikata, mwenzake aliunga. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Chumba kimoja, cherehani moja, meza ile ile unayoiona leo. Mjini walimwita Sindano. Alikuwa na mtoto wa kike, mtundu huyo, akipenda kupanda juu ya meza kuvuta majora ya vitambaa. Siku moja akaanguka na jora moja."

"Bega," alisema Kifungo.

"Bega. Sindano akaenda hospitali, akalala huko huko na mwanawe. Aliporudi alikuta kitasa kipya. Baba yako alikuwa ameshaandikisha duka kwa jina lake na la mkewe tu."

"Na Mama? Mama alijua?"

Mzee wa Lifti akatazama sakafu.

"Mama yako alikuwa ndani, Kifungo. Sindano aligonga, akagonga. Mimi nilikuwa nafagia. Nilimtazama mama yako anifanyie hata ishara."

"Akafanya nini?"

"Akaendelea kukata."

Kifungo aliegemea ukuta wa lifti. Alikuwa amekulia ndani ya duka hili. Alijifunza kutembea kati ya viatu vya ngozi, alijifunza kusoma kwa maandishi ya maboksi, na alipoposwa alikataa kwa sababu mposaji alitaka ahame mji. Historia ya Jumba aliijua kwa moyo na kuwasimulia wageni wa heshima: mwanamke mmoja, mkasi mmoja, juhudi. Leo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata, binti yangu. Lakini kata nayo inaogopa kuvunjwa. Nilikuwa na watoto wa kulisha."

Akavaa kofia yake. Kifungo akaachia kitufe.

Mlango ulipofunguka, Tai alikuwa mbele yake, tai imelegea shingoni. Akamvuta nyuma ya rafu za mikoba.

"Dada, yule mwanamke umemtoa wapi?"

"Mimi? Si wewe uliyemfungulia mlango?"

"Mimi nilimchukua kwa sababu ya bega! Anapokea wageni kwenye ofisi ya mnunuzi. Nilikuwa nangoja pale siku ile, nikaona bega, nikasema hili Mama haliwezi. Jina lake sikuliuliza hata! Na yeye wala hakukataa. Nilipomtajia Jumba alininyamazia kidogo, kisha akasema atakuja."

Mtego wa panya huo, ndugu zangu, huingia waliomo na wasiokuwemo. Kifungo nusura acheke. Kidogo tu, angecheka.

"Sasa nisikilize," Tai alishusha sauti. "Wakili atakuuliza wewe. Ndiwe unayekaa na Mama, unampikia, unamlaza. Neno lako ndilo atakaloandika. Ukisema Mama kachanganyikiwa, basi yale ya nusu ni maneno ya mgonjwa. Hayana uzito. Ukisema ana akili timamu, neno lake ni la mwisho. Tumepoteza nusu ya Jumba kwa mpokea wageni!"

"Na nikisema kachanganyikiwa, wewe unauza."

"Ndiyo, nauza!" Tai alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. "Dada, fungua macho. Watu wanapanda juu, wanavaa, wanajipiga picha, wanashuka wakanunue kwenye simu. Hili si duka tena. Limekuwa chumba cha kujaribia nguo cha mji mzima. Mimi kila mwezi naomba, nabembeleza, naahidi. Nimechoka kuvaa tai nzuri kuliko hali yangu."

"Wafanyakazi je?"

"Watapata kazi kwingine."

"Mzee wa Lifti atapata kazi kwingine?"

Tai akaikaza tai yake iliyolegea.

"Na Mama je?" Kifungo aliendelea. "Hapa bado anajua meza iko wapi. Ukimtoa hapa, atajua nini?"

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Tai polepole. "Kumbe amechanganyikiwa kweli. Ulikuwa unatuficha."

Kifungo akajiuma ulimi, lakini neno likishatoka halirudi.

"Nilimficha aibu," alisema. "Na wewe ungekuwa mtoto, ungenisaidia."

"Mimi ni mtoto wake pia!" Tai alifoka, mpaka muuza mikoba akageuka. "Kila nikija kumwona, unaniambia amelala! Miezi mingapi amelala, Dada?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Na muda haukuwepo, kwani Wakili alikuwa anakuja, kalamu mkononi.

Kwenye chumba cha kujaribia nguo, vioo vitatu vilimwonyesha Bibi Mkasi mara tatu, amekaa kwenye kigoda, akibandika pini kwenye bega la kile kigauni. Mgeni alikuwa amepiga magoti chini, anampa pini moja moja. Kifungo alisimama pazia likiwa bado mkononi, na wivu ukamchoma, wivu wa kitoto kabisa. Yeye hakuwahi kuketi hivyo na mama yake. Mama alikuwa wa wateja.

"Nikuulize jambo moja," alimwambia mgeni. "Ulipokubali kuja, ulijua unakuja kwa nani?"

"Nilijua."

"Unataka nini kwetu?"

Mgeni akainua uso. Alikuwa amelia, lakini macho yalikuwa makavu sasa.

"Mama yangu alikufa anashona viraka vya watu, akipita barabara ile ya nyuma asilione hili duka. Nilikuja nione kama mtu yeyote humu ndani atalikumbuka bega langu. Nilidhani hakuna." Akampa Bibi pini nyingine. "Kuhusu nusu, sikuja kuiomba. Lakini nikipewa sitaikataa, dada yangu. Nisikudanganye."

Jibu hilo lilimpendeza Kifungo zaidi ya ambavyo angetaka. Mtu anayesema wazi atachukua nusu, unaweza kukaa naye meza moja.

Wakili akaingia. Tai akabaki nje ya pazia, viatu vyake vikionekana chini.

"Msimamizi," alisema Wakili, "nitaandika utakachosema, na nitakitia muhuri. Bibi aliambiwa waziwazi kwamba mama wa mwanamke huyu amefariki. Muda si muda akasema, 'Mwambie mama yako aje.' Nieleze hilo."

Pini ilianguka sakafuni, na wote wakaisikia.

Kifungo alimtazama mama yake kwenye kile kioo cha katikati. Ukweli aliujua. Jana mama huyu aliweka viatu kwenye jokofu. Juzi alimtafuta mumewe chini ya kitanda. Akiusema ukweli huo, Jumba linakwenda, na Sindano atabaki amefungiwa nje, safari hii na binti wa yule aliyemsikia akigonga akanyamaza. Akiuficha, anaapa uongo mbele ya sheria, na nusu ya kila alichokilinda maisha yake yote inakwenda kwa mtu aliyemjua asubuhi hii.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema wahenga. Ila wahenga hawakuwahi kuulizwa na wakili.

"Ni namna yake ya kusema," Kifungo alijibu, na alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Mtu akiwa na deni la moyo, humwagizia salamu hata aliyelala kaburini. Mama yangu alikuwa anaomba msamaha. Gauni alilikata makusudi. Hakuna mkono wa mgonjwa unaoweza kukumbuka plasta ilikaa wapi."

"Kwa hiyo unasema?"

"Nasema mama yangu ana akili zake timamu. Na alichokisema kuhusu nusu, ndicho alichokusudia. Andika."

Nje ya pazia, vile viatu vikasogea hatua moja, vikasimama.

Wakili aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi taratibu mno. Akaupiga muhuri ule mdogo wa mfukoni, akapuliza wino, akasema, "Basi. Kwangu hili limekwisha." Akatoka.

Mgeni akaupeleka mkono wake, ule wa kushoto, akamshika Kifungo vidole. Hakuna aliyesema asante. Ilikuwa mapema mno kwa asante.

"Umefanya kazi nzuri, Mama," Kifungo alisema, akainama ampokee mkasi. "Nipe huo, twende nyumbani ukalale kidogo."

Bibi Mkasi hakuutoa mkasi. Aliinuka kwenye kigoda, akajinyoosha, akapangusa sketi. Kisha akamtazama binti yake kuanzia unyayo hadi utosi, na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri. Kifungo alilijua. Alikuwa amelitazama miaka yote kutoka nyuma ya kaunta, likipewa watu wengine.

"Karibu, mteja," alisema Bibi. "Samahani tumekuweka. Wewe ni mgeni hapa?"

Mgeni akaachia pini zote.

"Mama," Kifungo alinong'ona. "Ni mimi. Nyamaza kidogo, Mama, tafadhali."

"Usione haya, hapa hatumcheki mtu. Simama wima nikutazame." Akamzunguka taratibu, akampitishia mkono mgongoni, akapima kwa jicho. "Una mabega mazuri. Umbo hili nimeliona mahali. Mama yako yu hai, mwanangu?"

Kifungo akainua macho kwenye kioo. Pazia lilikuwa limefunguliwa hadi ukutani. Tai alikuwa amelishika kwa mkono mmoja, machozi yanamtoka, na ule mkono mwingine amemshika Wakili bega asiondoke.

"Mjibu, Dada," alisema Tai. "Si kakuuliza?"